Vumbi Tulilolizoea

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kukata mawe ya kaunta za jikoni ilikuwa kazi ya neema kwa wageni wa Melbourne. Haikutaka Kiingereza kingi wala vyeti. Karakana yetu ya upande wa magharibi ilikusanya Wakongo, Mrundi, Wavietinamu na sisi wawili wa Pwani. Mawe yenyewe hayakuchimbwa popote. Kiwandani walisaga kwatzi, wakaigandisha kwa gundi, zikatoka slebu zinazong'aa kuliko marumaru, tena kwa bei nafuu. Kila mwenye nyumba mpya alizitaka.

Tulizikata kavu. Mpira wa maji ulikuwapo, umening'inizwa ukutani, lakini maji yalichafua sakafu na kuchelewesha oda. Jioni tulitoka weupe mpaka kope, kama watu waliokesha kwenye mashine ya kusaga unga, tukachekana. Barakoa zilikuwa za karatasi, na mara nyingi zilishinda shingoni. Msimamizi alitusifu kwamba sisi si watu wa kulalamika. Sifa ile tuliipenda.

Kinachouma ni kwamba sheria ilikuwapo. Jimbo letu la Victoria lilikuwa na sheria ya afya na usalama kazini tangu 1985, ikaandikwa upya 2004. Mwajiri alitakiwa kuondoa hatari kwa kadiri inavyowezekana, na asipoweza kuiondoa, aipunguze. Wajibu huo haumtoki kwa sababu kibarua amekubali kuumia. Wafanyakazi nao walikuwa na haki ya kuchagua mwakilishi wa usalama, mwenye uwezo wa kusimamisha kazi ya hatari. Kwetu hakuchaguliwa mtu, wala hakuna aliyetuambia kwamba tunaweza kuchagua.

Na nchi ilikwisha kupata mafunzo yake kwa gharama kubwa. Daraja la West Gate, tulilolipita kwenda kazini, liliporomoka likijengwa tarehe 15 Oktoba 1970, likaua watu 35. Kule Wittenoom, Australia Magharibi, asbesto ya buluu ilichimbwa mpaka 1966, na waliovuta vumbi lake waliendelea kuzikwa miongo mingi baadaye. Asbesto ikapigwa marufuku kabisa mwisho wa 2003. Vumbi moja lilifungiwa mlango huku jingine likikaribishwa jikoni.

Madini ya silika ndani ya mawe yale yaliweza kufika asilimia 95, wakati marumaru ya asili kwa kawaida haifiki hata 5. Yakikatwa makavu hutoa chembe ambazo jicho halizioni. Hizo huzama ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Yule Mrundi, aliyekuwa hodari wa kubeba kuliko sisi sote, leo akipanda ngazi za nyumbani kwake hupumzika katikati.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 2019 Victoria ilikataza kuyakata mawe yale makavu bila kudhibiti vumbi. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ikawa nchi ya kwanza duniani kuyapiga marufuku yenyewe. Katika Victoria, tangu Julai 2020, mwajiri ambaye uzembe wake mkubwa umeua mtu anaweza kufungwa hadi miaka 25. Vijana wetu hufundishwa kabla ya kushika mashine, hukutanishwa asubuhi kuelezwa hatari za siku, kisha hulalamika kwamba mikutano inachosha. Heri uchovu huo.

Hata hivyo, matale na zege bado vinakatwa, navyo vina silika. Wewe uliyeajiriwa juzi, ukiona maji hayafunguliwi, uliza, na usiposikilizwa, kataa, sheria inakulinda. Nanyi mliokata mawe yale zamani, nendeni mkapimwe mapafu, hata kama hamkohoi.