Anayelipa Kabla Ndiye Anayekopesha



Wanafunzi wangu huniuliza ni kwa nini Mtanzania husema "Luku imekwisha" ilhali Mganda husema "Yaka imekwisha". Jibu la haraka ni kwamba wote wawili wamebaki gizani. Luku ni kifupisho cha "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo". Yaka ni neno la Kiganda, nalo, kama sikio lako linavyokuambia, ni ndugu wa "waka" letu la Kiswahili. Majina ni mawili, mpango ni mmoja: fedha kwanza, umeme baadaye. Leo nakuomba tuutazame mpango huo wa kulipa kabla, kwa kuwa ulinifundisha somo la uraia ambalo sikulipata chuoni nilipokuwa nikisomea stashahada ya ualimu.

Nilipovuka mpaka wa Mutukula kuja kufundisha Kampala, nilikuwa na begi la nguo, kamusi mbili na kadi moja niliyopewa na benki ya nyumbani. Kadi yenyewe ilikuwa ya kulipia kabla. Unaijaza fedha, unatumia zilizomo, nazo zikiisha, mkononi hubaki kipande cha plastiki. Akiba yangu ndogo nilimwachia dada yangu Muheza, naye kila mwisho wa mwezi aliijaza kadi ile fedha za nyumba: umeme, maji, intaneti na king'amuzi. Mimi ni mtu ninayeogopa deni. Niliamini kwamba nimejenga ukuta kati yangu na madeni, na kwamba fedha za umeme kamwe hazitaliwa sokoni.

Ukuta ule ulikuwa na nyufa. Kwanza, kadi ilihesabu kwa shilingi ya Tanzania, mita ikahesabu kwa shilingi ya Uganda. Jina ni moja, thamani ni mbili, na kila fedha zilipovuka kutoka sarafu moja kwenda nyingine, ada ilikatwa. Pili, niliona kwamba shilingi 20,000 za mwanzo wa mwezi hazileti yuniti sawa na shilingi 20,000 za katikati ya mwezi. Nikanung'unika kwamba ninaibiwa. Kumbe sikuwa nimeisoma risiti. Ununuzi wa kwanza wa mwezi hubeba ada ya huduma. Yuniti 15 za kwanza za mteja wa nyumbani huuzwa kwa bei nafuu, zinazofuata kwa bei ya juu zaidi. Kisha huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Yote hayo yalikuwa yameandikwa mbele ya macho yangu, tena kwa maandishi yanayosomeka. Nilikuwa nikizisoma tarakimu 20 za tokeni na kuitupa karatasi.

Sasa nikupeleke kwenye usiku ulionifungua macho. Mke wangu na binti yetu wa miaka mitatu walikuwa wamenifuata wiki iliyotangulia. Binti yetu ana pumu, na kifua kikimbana huhitaji mashine ya kuvutia dawa, nayo haifanyi kazi bila umeme. Saa mbili usiku mita ilizima. Nikachukua simu, nikaingiza namba za kadi, nikalipa shilingi 50,000. Ujumbe wa benki ulifika papo hapo: fedha zimekatwa. Tokeni haikufika. Nikasubiri, nikajaribu tena. Zikakatwa 50,000 nyingine, na tokeni haikufika. Kadi ikawa tupu. Katika giza lile nilisikia pumzi ya mtoto ikianza kukoroma.

Nilitoka nje nikiwa sijui niendako. Jirani yetu, ambaye wote humwita Nnalongo, yaani mama aliyezaa mapacha, alikuwa akiosha vyombo kibarazani kwake.

"Mwalimu, mbona kwenu giza na kwangu taa zinawaka?"

Nilimweleza. Hakuniuliza nitamlipa lini. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniomba namba ya mita, akanunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu yake. Tokeni ilipofika alinisomea tarakimu mbili mbili, nami nikaziandika nyuma ya bahasha.

"Utanirudishia ukipata, ssebo," alisema, akitumia neno la heshima ambalo Waganda humwitia mwanamume. "Nani hapa hajakaa gizani?"

Mashine ilinguruma, mtoto akavuta dawa, akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa nikijiuliza: iweje walio na shilingi 100,000 zangu wasinipe mwanga, na asiye na hata senti yangu anipe?

Fikiri pamoja nami, msomaji. Anayepelekewa ankara mwisho wa mwezi ametumia kwanza, atalipa baadaye. Hivyo kampuni ndiyo iliyomkopesha. Anayelipa kabla ametoa fedha kwa kitu ambacho bado hajakipata. Huyo ndiye mkopeshaji. Nami niliyelipa kabla kwa kadi iliyojazwa kabla nilikuwa nimekopesha mara mbili: benki kwanza, kisha muuzaji wa umeme. Mtu aliyekuwa akiogopa deni alikuwa mdai wa watu wawili bila kujijua.

Asubuhi nilipiga simu benki, nikazungumza kama ombaomba: "Samahani, naomba mnisaidie." Nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri siku tatu, kisha nikabadili lugha. Niliandika barua nikitaja tarehe, saa, kiasi, namba ya kila muamala na namba ya mita, nikamalizia kwa sentensi moja: "Nadai shilingi 100,000 zilizotoka kwenye kadi yangu na ambazo sikupata huduma yake." Jibu lilikuja kwamba fedha zilikuwa zimeshikiliwa njiani, kwenye kadi zilitoka, kwa muuzaji hazikufika. Siku ya 11 zilirudishwa, zikiwa na pungufu, kwa kuwa zilibadilishwa sarafu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Pungufu hiyo niliidai pia. Hadi leo sijaipata.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo inazungumzia uhuru wa watu na wafanyakazi kuvuka mipaka yetu. Naishukuru. Hata hivyo, mguu wangu ulivuka Mutukula kwa wepesi kuliko shilingi yangu. Basi ukija kuishi ugenini, usiitegemee kadi moja. Weka njia ya pili ya kulipa, iliyo katika sarafu ya hapo unapoishi. Kabla ya kupanga nyumba, uliza kama mita ni yako peke yako na kama haina deni la mpangaji aliyetangulia. Risiti usizitupe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na unapodai haki yako, tumia kitenzi "kudai". "Kuomba" ni kitenzi chema, ila mahali pake ni kwa Nnalongo.

Nilipompelekea shilingi 10,000 zake, alizifunga kwenye pindo la kanga bila kuzihesabu, akauliza mtoto anaendeleaje.

Nakuachia kazi ya nyumbani. Chukua risiti ya mwisho ya umeme wa kwenu. Tafuta ni kiasi gani kilikuwa cha umeme wenyewe, kiasi gani cha ada, kiasi gani cha kodi. Kisha andika aya moja kwa Kiswahili sanifu ukimweleza mzazi wako ulichokiona. Asipokuwa na risiti, muulize amezitupa wapi.