Tosti, Boflo na Mkate wa Ufuta: Nani Mkali?

Leo naweka kando siasa na bajeti, maana ofisini kwetu kumezuka ubishi mzito kuliko ule wa Simba na Yanga. Swali lenyewe jepesi tu: mkate gani ukichomwa unanoga zaidi na chai ya asubuhi? Lilianza kama utani, tukisubiri kikao cha habari. Sasa ni siku ya nne, hakuna aliyekubali kushindwa, na kuna watu wanasalimiana kwa kukunja sura.

Ngoja niwatambulishe wagombea.

Wa kwanza ni slesi. Kambi hii inaongozwa na dada mmoja wa dawati la biashara, mtu wa hesabu kweli kweli. Anasema slesi ndiyo imezaliwa kwa ajili ya tosta: unene mmoja, rangi moja, dakika mbili imeruka juu, unapaka Blue Band inayeyuka yenyewe, unakimbilia daladala. "Mdogo wangu, mimi nina watoto wawili wa kupeleka shule," ananiambia. "Huo muda wa kupuliza mkaa naupata wapi?"

Hoja nzito, sibishi. Ila nilimchokoza kidogo kwa historia. Tosta inayorusha mkate yenyewe ni kazi ya Mmarekani Charles Strite, aliyepata hataza yake mwaka 1921. Mkate uliokatwa slesi kwa mashine ya Otto Rohwedder uliingia madukani mwaka 1928, katika mji wa Chillicothe, Missouri. Yaani tosta ilikuja kwanza, slesi zikafuata miaka saba baadaye! Watu walikuwa na tosta na bado wanahangaika na kisu. Kwa hiyo hii habari ya kwamba slesi na tosta ni mapacha waliozaliwa siku moja, tuiache. Halafu tuseme ukweli, tosta bila umeme ni pambo la kabati. Waliopitia mgawo wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 wananielewa.

Mgombea wa pili ametoka ng'ambo ya maji. Kaka yetu anayepanga kurasa ni mtu wa Unguja, na kwake neno "slesi" ni kama tusi. Yeye ni boflo, basi. Unalipasua katikati, unalilaza kwenye makaa upande wa nyama ya ndani, ganda linabaki gumu, ndani panapata rangi. Alipoona tunasinzia akatoa silaha kubwa: mkate wa ufuta. Unga wa ngano, hamira na tui la nazi. Unapikwa upande mmoja chunguni, kisha unageuzwa uso uelekee moto mpaka ufuta uwe rangi ya dhahabu.

Hapo ubishi ukachukua saa nzima. Je, mkate wa ufuta ni wa kuchoma au ni wa kupika? Dada wa biashara akasema tosti sharti iwe mkate ulioiva tayari, ndipo uchomwe mara ya pili. Kaka wa Unguja akajibu taratibu, kwa ile sauti yao ya upole inayokata kama wembe: "Dada yangu, wenzenu tunauchoma mara moja ukawa tayari, nyinyi mnauchoma mara mbili. Sasa mwenye kasoro nani?" Tukapiga makofi. Pointi hiyo tulimpa.

Mgombea wa tatu ni chapati ya jana, iliyobanikwa juu ya jiko mpaka ikatoa mabaka. Mwakilishi wake ni mzee wa michezo. Kuna waliotaka aenguliwe kwa kukosa sifa, eti chapati si mkate. Mzee akauliza, "Kwani hamira ndiyo cheti cha kuzaliwa?" Tukamwacha agombee.

Wa nne ni wangu, na ndiyo sababu naandika haya yote: mkate uliolala, ukabanikwa kwenye waya juu ya mkaa.

Sikilizeni kwanza sayansi. Mkate wa leo una maji mengi. Ukiuweka motoni, moto unahangaika kuyakausha maji hayo kwanza, na rangi inachelewa kuja. Ile harufu inayomwamsha jirani inatokana na sukari na protini za mkate kuungana kwenye joto kali, kuanzia kama nyuzi 140. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza muungano huo mwaka 1912, na mpaka leo unabeba jina lake. Mkate uliolala uso wake ni mkavu, kwa hiyo rangi inakuja upesi. Na ule ugumu wake hautokani na kukauka peke yake. Wanga wa ndani umejipanga upya ukakaza. Ukipata moto unalegea tena. Ndiyo maana mkate wa jana ukichomwa ni kama umefufuka. (Kwa taarifa yenu, friji inauharakisha huo ugumu, msiniletee hoja za friji.)

Baada ya sayansi nikawapa sababu yangu ya kweli. Nilipokuwa darasa la nne, kampuni aliyofanyia kazi baba ilikaa miezi saba bila kulipa mishahara. Tulikuwa watoto watano. Mama akawa ananunua mkate uliolala kwa yule mwenye duka, maana asubuhi aliuuza kwa bei pungufu. Anaukata vipande vinene, anavipaka mafuta kidogo na chembe ya chumvi, anavibanika. Kila mtoto kipande kimoja na chai ya rangi. Sisi tuliamini kwamba hali imekuwa nzuri. Zamani tulikula mkate mkavu, sasa tunachomewa! Nilijigamba mpaka shuleni. Mama hakusema kitu. Alikuwa anageuza tu vipande, akinusa visiungue, kwa sababu kikiungua hakuna cha akiba.

Nikamaliza, chumba kimya. Dada wa biashara akaniangalia, akasema, "Sasa hapo unataka tukuonee huruma ili ushinde?" Kicheko kilitoka mpaka bosi akachungulia.

Lakini baada ya kicheko kila mtu alianza kueleza ya kwao. Mzee wa michezo alisema kijijini kwao mkate wa dukani ulikuwa wa mgonjwa hospitalini au wa mgeni aliyeshuka kwenye basi. Mtoto mzima asiyeumwa kula mkate? Anaanzia wapi? Ndiyo maana yeye moyo wake uko kwenye chapati. Kaka wa Unguja akatukumbusha mkate wa mofa, wa unga wa mtama, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Bibi yake aliusifu kuliko boflo, ila vijana siku hizi wanauona wa kizee.

Hapo nikaanza kufikiri kama mwandishi wa habari badala ya mlafi. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili zilizokuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote ya biashara duniani, bei ilipanda mpaka kwenye meza za watu wasioijua Kyiv iko wapi. Mtama hauna shida na meli ya Bahari Nyeusi. Sisemi tuache boflo, nisije nikapigwa. Nasema tu kwamba mkate tunaouita wa kizee ndio pekee mezani petu ambao hausubiri bandari.

Jambo la mwisho, kwa wale wapenzi wa mkate mweusi kama lami. Tangu mwaka 2002, watafiti wa Uswidi walipotangaza kuwa vyakula vya wanga vikipata joto kali hutengeneza akrilamaidi, ushauri umekuwa ni kuishia kwenye rangi ya dhahabu. Mama alikuwa anafanya hivyo hivyo bila maabara.

Kwa hiyo kura yangu haijahama: mkate uliolala, waya, mkaa, chumvi. Wewe je, uko kambi ipi? Jumamosi hii kila mgombea analeta mkate wake tupime kwa mdomo, mkaa nanunua mimi. Dada wa biashara amesema yeye atakuja na tosta yake. Nimemwambia aje na LUKU yake pia.

Nawasilisha hoja.