Chatu wa Pili

Nikisema chuoni kwamba nyumbani tunafuga chatu, swali la kwanza ni "hawaumi?" na la pili ni "wa utajiri?" Naomba nijibu mara moja ili msinisumbue tena kantini. Chatu anauma, na meno yake yamepinda kwenda nyuma, ila hana sumu. Kuhusu utajiri, kama upo basi umepotelea njiani, maana bumu langu linaisha wiki ya tatu kama lenu.

Nyoka kwetu ni kazi. Baba mdogo ana kikundi cha ngoma Bagamoyo. Alitoka Usukumani kuja kusoma Chuo cha Sanaa, kile ambacho leo ni TaSUBa, akaoa Mkwere na hakurudi tena. Kwa Wasukuma, Bagika na Bagalu wakishindana kucheza, kila upande unatafuta kitu cha kuwavuta watazamaji waje kwake, na nyoka ni mojawapo. Baba mdogo aliihamishia akili hiyo pwani, kwenye mahoteli. Kikundi kina kibali cha kufuga. Nalitaja hili kwa sababu kuna mtu wa hosteli yetu aliniomba nimletee mtoto wa chatu akae naye chumbani. Ndugu yangu, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Huokoti tu chatu porini ukamweka chini ya kitanda.

Chatu wetu wa kwanza aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alipenda kulala na hakujibu maswali. Nilikabidhiwa nikiwa na miaka 17. Kazi yangu ilikuwa kumlisha, kumbadilishia maji, kumsaidia wakati wa kujivua gamba. Macho yanakuwa ya bluu yenye ukungu, anakuwa haoni vizuri, na siku hizo hata mimi nilimwacha. Yaani nilimpenda, na niliamini kabisa kwamba na yeye ananipenda. Sasa hivi nadhani alipenda joto la shingo yangu.

Mwaka niliokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, nilimlisha Alhamisi. Jumamosi ikatokea shoo ya ghafla. Chatu akiwa na panya tumboni haguswi. Anatafuta joto, anatulia, anayeyusha chakula chake taratibu, na sheria yetu nyumbani ilikuwa wiki nzima. Baba mdogo akaniuliza, "Mheshimiwa kala?" Mgao wangu wa usiku ule ulikuwa elfu arobaini, na nilikuwa natafuta simu. Nikamjibu, "Bado."

Ilikuwa Julai, kusi inavuma, baridi ya baharini inaingia mpaka jukwaani. Alichezeshwa saa nzima, wageni wakampiga picha, wengine wakamvaa shingoni. Wakati wa kurudi, ndani ya bajaji, akamtapika yule panya kwenye kikapu. Wiki mbili hakula. Alipokula akatapika tena. Baadaye mdomo ukaanza kutoa usaha, na wiki ya sita nikamkuta amekufa, kalala na tumbo juu, mlalo ambao chatu mzima hausogelei. Baba mdogo akasema ni hii baridi ya mwaka huu. Nikanyamaza. Simu nilinunua.

Miaka mitatu kikundi kilicheza bila nyoka. Mahoteli yakaanza kuita vikundi vingine, na wachezaji wawili wakaondoka kwenda kuendesha bodaboda. Likizo hii wakachanga, wakazungusha kibali upya, na baba mdogo akanipigia simu: "Mwalimu, wewe ndiye unayesoma Biolojia. Njoo uchague."

Tukaenda kwa mfugaji mmoja mwenye kibali, njia ya Mapinga. Alikuwa na watatu. Wa pili simwongelei sana, macho yalikuwa na ukungu wa kujivua gamba, na nyoka wa namna hiyo humjui tabia mpaka amalize.

Wa kwanza alikuwa jike la mita mbili na nusu, mpole sijawahi kuona. Baba mdogo alimvaa shingoni na uso wake ukarudi ujana. Nilielewa. Yule ni nyoka wa kuingia naye kazini kesho yake. Lakini mgongo ulikuwa umesimama kama paa la nyumba, nyama hakuna pembeni. Mdomo haukufunga vizuri. Nikasogeza sikio nikasikia kama filimbi ndogo, na kwenye tundu la pua kulikuwa na povu. Upole ule ulikuwa uchovu wa mgonjwa.

Wa tatu alikuwa dume changa, hafiki mita moja na nusu. Nilipofungua sanduku ulimi ulitoka haraka haraka, akajikunja, akaniuma kwenye kifundo cha mkono. Matone ya damu kama nimeshika miba. Nilimgeuza nikamtazama chini ya magamba, hana kupe. Misuli ilijaa mkononi.

"Huyu," nikasema.

"Huyu si nyoka, huyu ni ugomvi. Mgeni gani atakubali kumshika?"

"Mwakani, Baba mdogo. Akizoea."

"Na mwaka mzima tule nini?"

Sikuwa na jibu la Biolojia. Nikamwambia habari ya Alhamisi ile. Nilimwambia mbele ya mfugaji, maana nilijua tukitoka nje sitasema tena.

Alinyamaza mpaka mfugaji akajifanya anafagia. Kisha akauliza, "Kwa elfu arobaini?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

Akamshusha yule jike shingoni polepole, akamrudisha sandukuni, akaanza kupatana bei ya yule dume. Alipatana kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwenye basi alikwenda kukaa mbele na dereva, mimi nikabaki nyuma na kikapu, kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka nyumbani.

Sijampa jina. Siku kumi na moja alikataa kula. Jioni tunamwekea panya aliyekwisha kufa, asubuhi tunamtoa. Usiku wa kumi na mbili nilisikia kitu kinagonga mbao za banda, na kulipokucha panya hayupo, tumbo lina uvimbe katikati.

Nikamwita baba mdogo. Tangu siku ile ya Mapinga tulikuwa tunasalimiana tu. Alichungulia bila kusema neno, akaenda ndani, akarudi na kipande cha chaki. Akaandika kwenye mlango wa banda, kwa herufi kubwa: AMEKULA JUMATANO. ASIGUSWE.

Halafu akaniachia ile chaki.