Mtu Mzima na Uchaguzi wa Digrii



Kwamba elimu haina uzee ni neno tulisikialo tangu utotoni, misikitini na majumbani. Lakini neno hilo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo haisemwi sana, ni hii: elimu gani? Kijana akichagua somo lisilomfaa, anayo miaka ya kugeuza njia. Mtu mzima miaka yake imehesabika, na tena si yake peke yake. Mume au mke ana haki humo, watoto wana haki, wazazi waliozeeka wana haki, na hata kazi aliyoiacha ina haki. Kwa hiyo mtu mzima anapochagua digrii ya kusoma huwa anagawa amana za watu. Jambo hili lataka mizani.

Naandika haya kwa kuwa yamenipata mwenyewe. Mimi ni muuguzi mkunga, mzaliwa na mkaazi wa Tanga. Nilifanya kazi miaka 23 katika wodi ya wazazi, kwanza kwa cheti, kisha kwa stashahada, na nimeingia chuo kikuu nikiwa na miaka 44. Nina mume, watoto watatu, na mama ambaye miguu yake haimpeleki mbali.

Wako waliostaajabu. Lakini kusoma ukubwani si jambo geni katika dini yetu wala katika nchi yetu. Masahaba wengi walianza kujifunza wakiwa watu wazima, wengine na mvi zao. Sisi watu wa pwani tulio wafuasi wa Imam Shafii tunaye al-Qaffal al-Marwazi, aliyekuwa fundi wa makufuli, na jina lake latokana na kazi hiyo. Alianza kusoma akiwa na umri wa yapata miaka 30, akawa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa madhehebu yetu, akafariki mwaka 417 Hijria. Nchini Tanzania nako, Azimio la Musoma la 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza, kiasi cha miaka 2, kabla ya kuingia chuo kikuu, kwa hiyo kwa miaka kadhaa madarasa yale yalikuwa na watu waliotoka makazini. Kisha kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kupokea wanafunzi 1994, kifundishacho kwa masafa ili mtu asiache nyumba yake. Mlango basi uko wazi. Lakini mlango kuwa wazi hakufanyi kila chumba kiwe chako.

Nilipotangaza nia yangu, ushauri ulinijia kama mvua ya masika. Wenzangu kazini waliniambia nisome uongozi wa biashara. Walisema, "Dada, utasoma kwa masafa hapa hapa nyumbani, na ukimaliza utakaa ofisini, uachane na zamu za usiku." Kaka yangu alitaka nisome sheria, kwani katika ukoo wetu hakuna wakili. Akanijia na mtu nisiyemjua, wakala wa chuo kimoja nisichokitaja, akaniahidi digrii kwa muda mfupi mno na kwa malipo ya mkupuo, wala hakuniuliza nilisoma nini wala nilipata alama gani.

Huyu wa mwisho ndiye niliyemaliza naye upesi. Nilimwomba anionyeshe jina la chuo na la hiyo digrii katika orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu. Akasema nisiwe na haraka, litakuja. Nikamwambia, basi na fedha yangu nayo itakuja. Ndugu zangu, mtu mzima hana nafasi ya kusoma miaka kadhaa kisha akaambiwa karatasi yake haitambuliwi. Tazameni mambo mawili: kwanza chuo kiwe na ithibati, na pili digrii yenyewe iwe imekubaliwa, kwani chuo chaweza kuwa halali na somo moja ndani yake likawa bado. Na kwa kazi zenye mabaraza yake, kama uuguzi, udaktari, sheria na uhandisi, ulizeni pia kama baraza litamwandikisha mwenye digrii hiyo.

Wale wenzangu na kaka yangu hawakuwa na nia mbaya. Biashara ni elimu njema, na sheria ni elimu tukufu. Lakini nilipowasikiliza vizuri niliona kila mmoja ananitajia cheo au raha. Hakuna aliyeniuliza: ni kitu gani kimepungua katika mji, ambacho wewe uko karibu nacho kuliko watu wengine?

Swali hili lina asili yake. Wanazuoni wetu wamezigawa faradhi mafungu mawili: faradhi ya kila mtu, na faradhi ya kutoshelezana, ambayo wakiisimamia baadhi ya watu huwaondokea wengine, na ikiachwa na wote dhambi huwa ya wote. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliitaja elimu ya utabibu kuwa katika fungu hilo la pili. Naye katika Ihyaa alilalamika kwamba miji mingi ya wakati wake haikuwa na tabibu Muislamu, hali watu wakisongamana katika fani za mabishano zilizokwisha kutosheka, kwa kuwa huko kulikuwa na vyeo na ukaribu na wakubwa. Yamepita zaidi ya miaka 900, na maneno hayo bado yatugusa.

Basi nikatazama pale nilipo. Katika wodi yetu nimewaona wanawake wanaoletwa na kifafa cha mimba saa ambayo dakika moja ina thamani. Nimeona wauguzi vijana, wenye moyo lakini wapya, wakitetemeka, nami nikiwaonyesha kwa mkono: tazama presha, mlaze ubavu, andaa dawa hii, mwite daktari. Nimewaona mama zetu wa pwani wakichelewa nyumbani kwa kuona haya, wakihofia kustiriwa vibaya, na wakikuta mkunga awajuaye huituliza roho. Nilikuwa nafundisha kila siku bila ya kuitwa mwalimu. Lakini kufundisha katika chuo cha uuguzi hutaka digrii. Bila ya hiyo, nitakapostaafu yote niliyoyajua nitaondoka nayo. Hapo ndipo nilipoona haja ya mji na kazi ya mikono yangu zinakutana. Na mwanamke Muislamu asidhani kazi hii ni ngeni kwetu: bibi Rufaida wa Madina alikuwa na hema la kuwauguzia majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki alipelekwa kwake.

Hata hivyo haja ya mji haikuniondolea haki za nyumba. Uuguzi na ukunga haujifunzwi kwa kusoma vitabu usiku jikoni. Lazima uwe wodini, chini ya macho ya mwalimu. Niliyoitaka ilikuwa digrii ya miaka 4, na chuo kiko Dar es Salaam. Biashara ingeniweka nyumbani karibu na mama. Hapa ndipo palipokuwa na uzito wa kweli, wala sitaki kumdanganya msomaji kwamba jawabu lilikuwa jepesi.

Jambo la fedha nalo lina hukumu yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, kwa miaka mingi ilikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni, iliyoitwa ya kulinda thamani, na Waislamu wengi waliiogopa kwa kuiona ina sura ya riba. Tozo hiyo iliondolewa 2021. Lakini miongozo ya bodi ya miaka ya karibuni imeweka kikomo cha umri wa miaka 35 kwa mwombaji, kwa hiyo kwangu mimi mlango huo ulikuwa umefungwa. Mtu mzima na aulize hili mapema, asijenge hesabu yake juu ya mkopo asioweza kuupata. Mume wangu alitaka kuuza kiwanja. Nikakataa, kwani kile ni cha watoto. Niliuza bangili zangu na mkufu, mali yangu mwenyewe, nikaongeza na fedha za mchezo wetu wa akina mama, na mwajiri akanipa ruhusa ya masomo. Ada ikapatikana bila ya deni la riba.

Kisha nikafanya shauri na wenye haki. Mume wangu alisema, "Biashara wewe hujaifanya hata ya vitumbua. Utaisoma umuuzie nani?" Tukacheka, lakini nilijua ameshakubali. Watoto wakagawana kazi za nyumbani, na wifi yangu akajitolea kuhamia kwetu. Akabaki mama. Nilikaa miguuni pake nikamweleza yote, pamoja na ile njia ya kusoma nikiwa nyumbani. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ya nyumbani waitaka?" Nikasema, "Siitaki, mama, lakini nakutaka wewe." Akasema, "Mimi ninao wa kunipa maji. Hao wazazi wako wa wodini je? Nenda. Ila kila likizo uje, nisisikie una mtihani." Baada ya hapo ndipo niliposali istikhara. Nasema baada ya hapo kwa makusudi, kwani wako wanaoisali kabla ya kuuliza lolote, kisha wakangojea ndoto. Istikhara ni kumkabidhi Mwenyezi Mungu jambo ulilokwisha kulichunguza. Haimwondolei mja wajibu wa kuchunguza.

Wala simwambii kila mtu aihame nyumba yake. Shemeji yangu, mwalimu wa msingi, baba yake alikuwa amelala kitandani na hapakuwa na mwingine wa kumwinua. Yeye alichagua digrii ya ualimu kwa masafa, akisoma baada ya sala ya Isha na kwenda kituoni siku za mitihani. Ilimchukua miaka mingi kuliko wenzake, lakini alimzika baba yake akiwa radhi naye, na kazi yake ikanyanyuka. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa digrii njema. Mizani ni ile ile, ila vilivyowekwa juu yake ni tofauti.

Basi ewe ndugu yangu uliyefika makamo na unataka kusoma, kabla hujauliza digrii gani ina jina, jiulize haya. Kazi ya mikono yako imekuonyesha upungufu gani ambao wengine hawauoni? Digrii hii itauziba, au itakutoa tu pale ulipo? Chuo na somo vimetambuliwa? Wenye haki katika wakati wako umewauliza, na wamekujibu kwa radhi au kwa aibu? Fedha yake ni ya halali na inatosha mpaka mwisho, si mwanzo tu? Na kama cheti chako cha zamani hakitoshi, usikate tamaa, bali uliza habari za mtihani wa kutambua maarifa aliyoyapata mtu nje ya darasa, kwani njia hiyo ipo.

Mimi sasa niko mwaka wa pili. Darasani wapo wanaoweza kuwa wanangu, nao huniita mama. Kompyuta wananifundisha wao, na wodini wananiuliza mimi. Usiku mwingine husinzia juu ya kitabu, na mama akipiga simu huniuliza kwanza kama nimekula. Sijui kama umri utanifikisha kwenye kufundisha. Hilo li mikononi mwa Mola. Lililo juu yangu ni kwamba miaka niliyoazimwa na watu wangu niirudishe ikiwa na faida kwao na kwa wengine.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu ya kujionyesha. Wabillahi tawfiq.