Staa alitaka kobe wa kushutia video Dodoma, mimi nikauliza kibali kiko wapi

Ya leo siyo ya nani kaachana na nani, ingawa staa yumo. Jina kapuni, na naomba msianze kubahatisha kwenye komenti, maana mara ya mwisho mlimtaja mtu ambaye hata Dodoma hajawahi kukanyaga.

Mimi napiga video hapa Dom. Harusi, send-off, semina za taasisi (hizo ndizo zinalipa kodi ya nyumba), na mara moja moja msanii anapanda SGR kutoka Dar kuja kushuti kwenye majabali yetu. Na majabali yetu yanakubali kamera, hilo halina ubishi. Mawe makubwa yamebebana kama mtu aliyapanga, mbuyu pembeni, halafu jua la saa kumi na moja jioni. Huhitaji hata kuhariri rangi.

Sasa meneja wa huyo staa akanitumia voisi. "Mwanangu, tunataka vibe la kiporini. Chatu shingoni, na wale kobe bapa kama watatu watembee mezani. Tumeambiwa kuna dogo huko kwenu anawapata. Bajeti ipo."

Nikamjibu neno moja: kibali? Akarudisha vile vikatuni vya kucheka machozi, halafu akaandika, "Kibali cha kobe? Kobe si kobe tu, bro."

Basi bwana, kobe siyo kobe tu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote Tanzania ni mali ya umma, na mwenye dhamana nao kwa niaba yetu sote ni Rais. Wote maana yake wote. Kinyonga kwenye ua wa jirani, kenge wa bwawani, hata wale vyura wakubwa wanaolala chini ya udongo kiangazi chote na kuibuka mvua ya Desemba ikipiga. Mayai yao pia yamo. Na lile neno tunalolisikia kwenye taarifa ya habari, "nyara za serikali", wengi tunadhani ni pembe za ndovu na ngozi ya chui. Sheria inasema mnyama mwenyewe, akiwa hai au amekufa. Kwa hiyo kobe anayetafuna mchicha kwenye ndoo yako ni nyara, na ukikutwa naye bila karatasi unaingia kwenye kesi za uhujumu uchumi. Kifungo, kutegemea mnyama gani na thamani gani, kinaweza kufika miaka 30. Tena ile thamani kwenye hati ya mashtaka huandikwa kwa dola za Marekani, ndipo inabadilishwa kuwa shilingi. Wewe umemuokota njiani bure, mahakamani ana bei ya dola.

Sikuwa nayajua yote haya kichwani siku ile. Nilijua tu kwamba kuna kibali. Yaliyobaki nimeyafuata mwenyewe, kwa sababu ya huyo dogo.

Dogo anaendesha bodaboda kijiji kimoja barabara ya Kondoa. Nilimpata kirahisi, na hilo lenyewe lilinitisha, maana kama mimi mpiga picha za harusi nimempata kwa simu mbili, afisa wanyamapori atampata kwa moja. Umri wake nakadiria miaka 21. Alikuwa na kobe wawili kwenye ndoo ya rangi, juu kafunika gunia. Nilipomuuliza anauza shilingi ngapi akasema elfu ishirini mmoja, "ila kwa watu wa Dar nasema hamsini, kaka." Nikamuuliza kama anajua ni kosa. Akasema anajua siyo vizuri, ila si kosa kama la meno ya tembo. Nikamsomea kifungu kwenye simu. Alikaa kimya muda mrefu, akaanza kulivuta vuta lile gunia juu ya ndoo kama vile kobe wanasikia baridi.

Tuongee kidogo kuhusu huyu kobe, kwa sababu ndiye kiini cha habari. Kobe wa kawaida ana gamba kama bakuli lililofunikwa, ukimgusa anaingia ndani anasubiri uondoke. Huyu wa majabalini ni bapa kama chapati, gamba lake jepesi linabonyea, na akiona hatari hajifichi ndani ya gamba. Anakimbia. Ndiyo, kobe anayekimbia, na anapanda mawe kama mjusi. Anajipenyeza kwenye ufa wa jiwe na kujibana humo hata umvute vipi hatoki. Duniani yupo sehemu chache tu: Tanzania, Kenya na kipande kidogo cha Zambia. Nyanda zetu hizi za kati zenye mawe ni kwao kabisa. Na anataga yai moja kwa wakati. Moja. Yai hilo hukaa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa, halafu kitoto kinachukua miaka mingi kukua. Mtu anayeniambia "tutawafuga wazaliane kama kuku" nacheka tu.

Wakamataji waligundua zamani dawa ya ule ufa: jeki ya gari. Unaingiza jeki, unapanua, jiwe linapasuka, kobe unamtoa. Watafiti waliandika habari hii tangu 1995, kipindi ambacho kobe hawa walikuwa wanasafirishwa kwa wingi kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Kobe mmoja akiondoka unaweza kusema atazaliwa mwingine. Lakini ule ufa ukishapasuliwa haurudi, na kobe wengine hawana pa kuishi. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, zikamweka kwenye kundi la ulinzi wa juu kabisa, daraja moja na sokwe. Nyie mnataka atembee mezani pembeni ya chupa ya shampeni.

Nikaenda ofisi moja ya wanyamapori kuuliza. Nilitegemea kuzungushwa, nikamkuta mama mmoja mtu mzima. Nikatoa shikamoo, nikamweleza bila kutaja mtu. Akanijibu kwa utulivu kama mwalimu. "Mwanangu, kuna kukamata, kuna kufuga, kuna kusafirisha. Kila kimoja kina karatasi yake. Watu wanapata moja wanadhani wamemaliza."

Kukamata kunataka kibali kinachosema mnyama gani, wangapi na wapi. Kufuga kunataka leseni, na eneo linakaguliwa kabla hujaingiza hata mjusi mmoja. TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ndiyo yenye kazi ya kusimamia bustani na mashamba ya aina hiyo. Ukitaka kufanya utafiti, hata wa chura, unapita COSTECH na TAWIRI. Na lazima uonyeshe mnyama ametoka wapi. Hapo mama akakunja uso. Akasema neno "amezaliwa kizimbani" ndilo linalodanganya watu duniani kote: mnyama anakamatwa porini, anaoshwa kwa karatasi, anauzwa kama wa kufugwa.

Mfano upo hapo Morogoro, msitu mdogo wa Kimboza. Kuna mjusi humo, dume lake ni la buluu kali kama limepakwa rangi, na anaishi kwenye mikadi. Watafiti walikadiria kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi zaidi ya 30,000 kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009, na mikadi ilikatwa ili kuwafikia waliokaa juu. Naye ilibidi aingizwe kwenye ulinzi wa juu wa CITES, uamuzi wa 2016.

Sasa kuhusu kupeleka nje. Nyie wote mnakumbuka twiga waliopandishwa ndege KIA mwaka 2010, tukatengeneza utani mpaka leo. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Wafanyabiashara waliokuwa na vibali halali wakabaki na mizigo inayokula kila siku. Juni 2022 ikatangazwa miezi 6 ya kuwaruhusu wamalize wanyama waliobaki nao, na kabla hata hatujamaliza kubishana mitandaoni, Waziri akasitisha. Mimi naunga mkono marufuku, lakini nakubali pia kwamba mtu aliyefuata sheria akaachwa na mabanda ana haki ya kulalamika.

Na siyo kwamba kukamata na kufuga ni uovu. Chura wa Kihansi angekuwa historia bila hivyo. Chura mdogo kuliko kidole gumba, anazaa badala ya kutaga, na aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Aligunduliwa 1996. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, megawati 180 zinazoingia gridi ya Taifa, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000, kwa ruhusa ya serikali, vyura 499 wakapelekwa Marekani kufugwa. Kilichobaki porini kikaisha, na 2009 wakatangazwa wametoweka kwa asili. Lakini wale wa kufugwa walizaliana. Mwaka 2010 baadhi wakarudi kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Ukichaji simu yako usiku huu, mkumbuke.

Kwa hiyo mama akanipa njia: kama msanii anataka chatu, aende kwenye bustani yenye leseni, apige picha mnyama akiwa na mtunzaji wake. Hata Nanenane pale Nzuguni watu wanapiga picha na wanyama kila mwaka na hakuna anayekamatwa. Nikampelekea meneja ujumbe huu wote. Akajibu "noma sana bro, tutakucheki." Hawakunicheki. Kazi ile ingelipa kodi yangu ya miezi mitatu.

Video imetoka. Nzuri, sitasema uongo. Dakika ya pili kuna kobe bapa mezani, na mkono unamsogeza, mkono wenye bangili ya shanga nyekundu na nyeusi. Labda wana kibali. Natamani kweli wawe nacho. Lakini bangili ile naijua, na kwenye komenti watu elfu kadhaa wameandika "kobe kaua". Hakuna hata mmoja aliyeuliza ametoka wapi.

Dogo alinipigia wiki iliyopita. Alilipwa elfu hamsini na soda. Anasema kobe mmoja alirudishiwa, yuko kwenye ile ndoo, na hajui amfanye nini. Kumwachia tu kwenye jiwe lolote anaogopa, kukaa naye anaogopa zaidi. Staa ana mwanasheria, dogo ana pikipiki ya mkataba. Yule mama alishaniambia: mwenye mnyama aje naye mwenyewe, asisubiri kufuatwa. Dogo ananiuliza, "Nikienda, nitarudi, kaka?" Nimemwambia nitaenda naye, na kwamba kabla ya kwenda tuongee kwanza na mtu wa msaada wa kisheria. Bado anafikiria.

Kama kuna mdau humu mwanasheria aliyewahi kumsindikiza mtu kusalimisha mnyama, DM iko wazi, nijibu leo ukiweza. Na kama kuna mwenye shamba la nyoka au kobe lenye leseni kanda hii ya kati, niambie ilikuchukua muda gani kuipata. Nataka nije kushuti kwako. Nalipa.