Kakungulu, Shujaa wa Nani?

Wenzangu, huku kwetu Nagongera jina la Semei Kakungulu halitajwi bila ubishi. Ushujaa wake mimi siukatai. Alizaliwa Koki, akawa mwinda ndovu, kisha jemadari wa Buganda. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwa katika vita vya Lango, ambako Kabalega na Mwanga, wafalme wawili, walishikwa siku moja. Si mchezo huo!

Kisha akaingia Bukedi na askari wa bunduki, akajenga boma Budaka, na watu wake wakafika hata Padhola. Babu zetu, wenye mikuki tu, hawakumwita shujaa, na mimi siwezi kuwalaumu.

Lakini tazameni malipo aliyopata. Alitumaini kuwa Kabaka wa Bukedi. Mwaka 1902 Serikali ya Kiingereza ilimwondoa Budaka, ikampa maili 20 za mraba huko Mbale. Akajenga mji, akalima njia, akapanda miti. Mwaka 1906 akahamishwa tena, akapelekwa Busoga. Mwaka 1913 akarudi Mbale, jemadari asiye na jeshi wala kiti, akakaa huko hata alipokufa mwaka 1928.