Vumbi Lisilo na Vina

Barabara itokayo Singida kwenda Igunga hufika mahali ikainama ghafla. Hapo ndipo Sekenke, katika Wilaya ya Iramba: mlima wenye kona ambazo madereva wa malori huziteremka kwa kunyata, na chini yake uwanda wa Wembere ukitandaa hadi macho yachoke. Abiria wengi waujua mlima huu kwa ajali zake. Ni wachache wajuao kwamba katika mawe hayo Wajerumani waliona dhahabu mwaka 1907, na kwamba mgodi uliofunguliwa hapo mwaka 1909 ndio wa kwanza wa dhahabu katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewakata Wajerumani na kwao, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, ikapigwa katika karakana ya reli kuwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Wakusanyaji wa sarafu duniani huzitafuta sarafu hizo hadi leo.

Lakini dhahabu ya Sekenke haikulala peke yake mwambani. Imelala ndani ya mishipa ya jiwe jeupe, gumu, liitwalo kwatzi, na kwatzi ni silika tupu. Hakuna njia ya kumpata bibi harusi bila kuibomoa nyumba yake. Mchimbaji hushuka katika duara na nyundo na tindo, hupasua mwamba, huupandisha juu kwa kamba. Mawe huendwa kwa karasha au hutwangwa kwa mkono mpaka yakawa unga. Dhahabu huondoka na mnunuzi. Unga hubaki, na ule ulio mwembamba zaidi, usioonekana kwa urahisi, hubaki pafuni.

Yanayotokea humo pafuni ni mambo ambayo mpenzi wa ushairi atayafahamu upesi, pengine upesi kuliko wengine. Na aketi basi barazani, akimkumbuka mzee mmoja wa aina ile isiyokosekana katika mji wowote wa mwambao. Mzee huyo husomewa shairi ambalo hajapata kulisikia. Hamjui mtungaji wala hajui kisa. Lakini katika mshororo wa pili tu huinua kidole: mizani si kumi na sita, kina cha kati kimekwenda upande, shairi hili si la bahari hii. Mzee hakulihifadhi shairi hilo. Alichohifadhi ni arudhi, na kwa arudhi moja aweza kuyapima mashairi elfu asiyoyajua.

Ndivyo ilivyo kinga ya asili, ile ambayo kiumbe huzaliwa nayo. Ipo kinga nyingine, ya kujifunza, ambayo ni kama mwanafunzi ahifadhiye shairi moja neno kwa neno: humchukua siku kadhaa, lakini akishalishika hukaa nalo miaka, na juu ya uwezo huo ndipo chanjo zilipojengwa. Kinga ya asili haingoji siku. Haiulizi jina la kimelea. Husikiliza ruwaza yake. Ngozi ya nje ya bakteria wengi ina mafuta yaliyoshikana na sukari, ambayo mwili wa binadamu hauyatengenezi kamwe. Mikia ambayo bakteria huogelea nayo imefumwa kwa protini isiyopatikana katika seli zetu. Virusi vingi, vinapojizalisha, huacha uzi wa RNA wenye nyuzi mbili, jambo ambalo seli yenye afya huliona kuwa geni. Hizo ndizo bahari za ugenini. Nazo kimelea hawezi kuziacha kwa urahisi ili ajifiche, maana ndizo mwili wake na uhai wake. Mtu hubadili kanzu, habadili mifupa.

Wazo hili lilikawia kueleweka. Mwaka 1882 Ilya Metchnikoff, Mrusi aliyekuwa Messina, kisiwani Sicily, alichoma miiba ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, akaona seli zikiuzingira mwiba kana kwamba zataka kuumeza. Mwaka huohuo Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemwona kimelea wa kifua kikuu. Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, ambao ni mwaka baina ya kuonekana kwa dhahabu ya Sekenke na kufunguliwa kwa mgodi wake. Watu wakajua kuwa seli hizo zameza. Hawakujua zamtambuaje wa kumeza. Mwaka 1989 Charles Janeway, Mmarekani, aliandika kwamba lazima viwepo vipokezi vya kutambua ruwaza, hata kama havijaonekana. Mwaka 1996 wenzake Jules Hoffmann, huko Strasbourg, walionyesha kwamba nzi wa matunda aliyekosa kipokezi kiitwacho Toll huliwa na ukungu mpaka akafa. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake walikipata katika panya kipokezi cha jamii hiyohiyo, kinachoyatambua yale mafuta ya bakteria. Binadamu ana vipokezi kumi vya ukoo wa Toll, mbali na vya koo nyingine. Hoffmann na Beutler walitunukiwa Nobel mwaka 2011.

Sasa turudi katika duara la Sekenke. Punje ya kwatzi iingiapo pafuni haina arudhi yoyote. Haina mafuta ya bakteria, haina mkia, haina RNA. Si kiumbe, wala haina nia na mtu. Hata hivyo yule mlinzi akaaye katika vifuko vya hewa, seli iitwayo makrofaji, kazi yake ni kufagia, basi huimeza. Humo ndani huitia katika kifuko chenye tindikali na vimeng'enya vya kuyeyushia bakteria. Lakini jiwe haliyeyuki. Kifuko ndicho kipasukacho, na vilivyomo humwagika ndani ya seli yenyewe. Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalieleza kifuatacho: mtambo wa protini ndani ya seli, uitwao inflamasomu ya NLRP3, huhisi machafuko hayo na kupiga kengele ileile ambayo ingepigwa kwa adui aliye hai. Mlinzi hufa. Punje hutoka ikiwa nzima, mlinzi mwingine huja akaimeza, naye hufa. Kengele hailali. Mwili hujaribu kulifunga jeraha kwa makovu, kovu juu ya kovu, hata pafu lililokuwa jepesi kama sifongo likawa gumu. Ugonjwa huo ni silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuliona pafu la mchimbaji, lakini methali imemfika.

Dhara halikomi hapo. Kimelea wa kifua kikuu ana hila yake ya kale: huingia ndani ya makrofaji na kukizuia kile kifuko cha tindikali kisimfikie. Mwenye walinzi wazima aweza kumzuia kwa miaka bila hata kuugua. Mwenye walinzi waliochoshwa na mawe hana bahati hiyo. Hatari yake ya kuugua kifua kikuu ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenziwe. Tena maradhi haya mawili hufanana: kikohozi, kukonda, pumzi fupi, vivuli katika picha ya eksirei. Mtu aweza kutibiwa moja huku lingine likiendelea kumla, na arudipo nyumbani watu wakaanza kumtengea kikombe. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ambayo kwa miaka mingi imewatibu wagonjwa wa kifua kikuu, imeyakuta maradhi yote mawili kwa wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani. Mwamba wa Mererani una vito, wa Sekenke una dhahabu. Vumbi la silika halibagui. Tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya aina hiyo, ikivutwa kazini, katika orodha ya visababishi vya saratani.

Kuhusu zebaki, ambayo mchimbaji hukamatia dhahabu, mengi yamesemwa, na ilistahili kusemwa. Vumbi limesemwa kidogo, labda kwa sababu halinuki wala haliwashi, na mwenye kulivuta leo huweza kuona madhara baada ya miaka, akiwa amekwisha kuacha kazi na kurudi shambani. Kitambaa kilichofungwa puani humfariji mvaaji, lakini punje ziuazo ni ndogo kuliko matundu yake. Kinachofaa zaidi ni maji: mwamba ulowanishwe kabla ya kupasuliwa, jiwe lisagwe likiwa bichi, hewa ipitishwe katika duara. Singida ni nchi kame, na ndoo ya maji iliyobebwa kutoka mbali kwenda kumwagiwa jiwe huonekana kuwa ubadhirifu. Hesabu hiyo yafaa ipigwe upya. Mwili umejaliwa arudhi ya kumtambua kila mgeni aliye hai, lakini kwa mgeni asiye na uhai haukujaliwa ila kumeza na kufa. Pale ambapo mlinzi wa ndani hana la kufanya, kazi ya ulinzi yamwangukia mtu wa nje: mwenye karasha, mwenye leseni, mkaguzi wa migodi, na yule aliyeishika ndoo.